MZAZI NAYE AINGIE DARASANI

Wasomaji wetu wa Kisii na Nyamira, juma hili twataka kusema nanyi habari ya mtoto arudiye nyumbani na daftari lenye kazi ya Kiingereza, na mama yake ajuaye Ekegusii tu.

Mtaala mpya ulipoanza katika Gredi ya Kwanza nchini kote mwaka 2019, mzazi alipewa sehemu yake katika masomo: asaidie, atazame kazi, atie sahihi. Jambo hilo ni jema. Lakini mtu atatiaje sahihi maneno asiyoweza kuyasoma? Basi hutokea kwamba mtoto ndiye amsomeaye mama barua ya mwalimu, naye husoma apendavyo. Karipio hugeuka sifa. Hapo heshima ya nyumba hupinduka. Wazazi wengine, kwa kuona haya, hawafiki hata mkutanoni shuleni, na mwalimu hudhani hawajali.

Wala watu hao si wachache. Serikali ilipochunguza habari za watu wazima wa Kenya mwaka 2006, iliona kwamba karibu 38 katika kila 100 hawakuweza kusoma na kuandika ipasavyo. Wengi waliokuwa watu wazima siku zile ndio wazazi na nyanya walezi wa leo.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Katika wilaya ya Bugiri, miaka ya mwanzo ya 2000, chama kiitwacho LABE kilianzisha mafunzo ya jamaa nzima katika shule za msingi. Wazazi walifundishwa kusoma na kuandika kwa lugha yao katika shule zile zile za watoto wao. Zilikuwako saa za wazazi peke yao, na saa ambazo mzazi na mtoto waliketi pamoja na kujifunza pamoja. Mzazi alijifunza pia namna ya kulitazama daftari la mtoto na kusema na mwalimu bila hofu.

Je, kwetu haliwezekani? Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, shauri la Serikali limekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali pake. Katiba ya 2010 nayo yaitaka Serikali ikuze lugha za wenyeji. Madarasa yamo, na siku ya Jumamosi mengi hukaa matupu. Lililobaki ni halmashauri ya shule kupatana na mwalimu wa elimu ya watu wazima, na kuchagua saa isiyogongana na kuchuma majani chai wala siku ya soko.

Masomo yaanze kwa mambo ya kila siku: jina la mtoto, karatasi ya kilo za majani chai, kadi ya chanjo, kisha ripoti ya shule. Mwalimu akumbuke kwamba Ekegusii ina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, asiharakishe. Na mzazi asimulie hadithi za zamani, mtoto aziandike, kisha wazisome wote wawili. Hapo kila mmoja ni mwalimu wa mwenziwe.

Wako wasemao kwamba Ekegusii itamchelewesha mtoto katika Kiingereza. Sivyo. Ajuaye kusoma kwa lugha aielewayo hahitaji kujifunza tena maana ya kusoma. Hujifunza maneno mapya tu. Ni yule aimbaye herufi asizozielewa ndiye achelewaye.

Ewe karani, nawe mkulima usomaye gazeti hili, elimu yako si ya kufungia sandukuni. Mkutano wa wazazi ujao, simama ulitaje jambo hili, kisha umchukue jirani yako mkono mwende naye. Mtoto aonaye mama yake ameshika kalamu hahitaji kuambiwa mara mbili thamani ya shule.