Karo Ina Bei Mbili, Uliza Kwanza

Safu: Ughaibuni Wiki Hii
Na Rehema Shabani

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki tulioko Katy, magharibi mwa Houston, mtoto akitaja uhandisi wa mazingira humsukuma kwenye uuguzi au kompyuta. Kisingizio ni karo. Mimi nasema hesabu hiyo bado haijapigwa.

Kazi ipo mlangoni. Bwawa la Barker, lililojengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani miaka ya 1940, huwa kavu karibu mwaka mzima. Ndani yake kuna bustani ya George Bush na viwanja vya mpira. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipopiga, maji yalijaa bwawani yakarudi nyuma hadi sebuleni mwa watu wa Cinco Ranch. Mwaka 2019 mahakama ikaamua kuwa serikali kuu inawajibika. Mji wa namna hii hauwezi kukosa kazi kwa anayejua maji yanakokwenda.

Tuje kwenye karo. Vyuo vya umma vya Texas vina bei mbili: ya mkazi na ya mgeni. Katika Chuo Kikuu cha Houston, ya mgeni ni zaidi ya maradufu. Ukazi kwa kawaida hutaka miezi 12 ya makazi ya kweli kabla ya kujiandikisha, na viza ya mwanafunzi haikupi. Ila mpwa wako anayekuja kutoka Dar au Mombasa akipata chuoni ufadhili wa ushindani usiopungua dola 1,000 kwa mwaka, sheria inaruhusu alipe bei ya mkazi.

Hata Rice, chuo binafsi ambacho bei yake hutisha, mwaka 2019 kilianza kufuta karo yote kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kisichozidi dola 130,000.

Wenye mabinti nao wasiogope. Katika matawi ya uhandisi Marekani, uhandisi wa mazingira ndio wenye sehemu kubwa zaidi ya wanawake. Na Chuo Kikuu cha Houston kimejaa watoto wa wahamiaji, Walatino na Waasia kwa wingi. Wetu hatakuwa kioja.

Wazazi wenzangu, kabla hamjasema hapana, nendeni ofisi ya misaada ya fedha mkaulize matatu: mtoto ni mkazi au mgeni, ufadhili gani uko wazi, na mwisho wa maombi ni lini. Mkishapata majibu, ndipo mkatae au mkubali.