Mchaichai Dirishani, Sitrali Kutoka Ng'ambo

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Uingereza, mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na bustani ndogo ya thaimu. Aina mojawapo, yenye vijani vidogo vya kingo za manjano, ilinukia limau kila ilipoguswa. Alivichuma vitawi vyake akavitia katika samaki na kuku, na siku za baridi alinipikia chai yake. Nilipoionja mara ya kwanza nilinyamaza kidogo, maana ilikuwa ni chai ya mchaichai ya bibi yangu.

Kwa upande wa kemia sikukosea. Harufu ya limau katika mimea hiyo miwili, na katika limau lenyewe, hutokana hasa na sitrali. Hii ni mchanganyiko wa molekuli mbili zenye atomi zile zile, zilizotofautiana kwa mpangilio tu. Ajabu ni kwamba mafuta ya ganda la limau yana sitrali asilimia chache tu, ilhali katika mafuta ya mchaichai hufika kwa kawaida asilimia 65 hadi 85. Thaimu ni ya ukoo wa mrehani. Mchaichai ni jani, ndugu wa muwa na mtama. Koo hizi ziko mbali kabisa, lakini zimefikia harufu moja.

Wala sitrali si kitu cha jikoni tu. Mwaka 1893 wanakemia Tiemann na Krüger wa Ujerumani waliigeuza kuwa ayononi, yenye harufu ya maua ya vayoleti. Na kutokana na ayononi, Isler na wenzake huko Basel, Uswisi, walitengeneza vitamini A mwaka 1947.

Sasa niungame. Miaka michache baada ya kurejea nyumbani, somo langu la vitendo liliahirishwa kwa muhula mzima kwa kuwa chupa ya sitrali tuliyoagiza Ulaya ilikuwa haijafika. Chini ya dirisha la maabara ile ile, mhudumu wetu alikuwa na vishina vinne vya mchaichai vilivyostawi kuliko maua yote ya bustani. Fomu ya kuagiza chupa niliitia sahihi mimi, na mchaichai ule nilikuwa nikiunywa kila saa nne asubuhi.

Ndipo ninaposema kwamba kosa letu sisi waalimu si uhaba wa vifaa peke yake. Tumezoea kudhani kwamba kilicho ndani ya chupa yenye lebo ndicho sayansi, na kilichoko uani ni mambo ya akina bibi. Shule yoyote yenye kipande cha ardhi yaweza kuwa na mchaichai. Haupandwi kwa mbegu, kwani huchanua kwa nadra. Hugawanywa kishina, majani yakapunguzwa, kila chipukizi lenye mizizi likapandwa kwa nafasi ya nusu mita au zaidi, mahali penye jua na pasipotuama maji. Baada ya miezi minne hadi sita huanza kukatwa, kwa kuacha kisiki cha kiasi cha sentimita 10, nao huchipua tena kwa miaka kadhaa. Kwenye mteremko, safu yake huzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Mwanafunzi akiukata mchaichai vipande ataelewa kwa nini bibi huuponda: mafuta yamo ndani ya jani, si juu yake kama ilivyo katika thaimu. Akichemsha sufuria bila kifuniko, chumba kitanukia na chai itapooza ladha, kwa sababu mvuke huyachukua mafuta ukaenda nayo. Njia hiyo hiyo ya mvuke ndiyo hutumika viwandani kuyapata.

Lakini maarifa haya yana upande wa pili, nao si wa mzaha. Wapo wanaomnywesha mtoto mwenye homa chai ya mchaichai siku tatu kabla ya kumpeleka kupimwa malaria, na wapo wanaoupanda mlangoni wakaacha kutundika chandarua. Mmea usiopondwa hautoi mafuta ya kutosha kumfukuza mbu, na hata mafuta yenyewe yakipakwa huyeyuka hewani upesi. Mwalimu aliyemwonyesha mwanafunzi sitrali ikipaa na mvuke ndiye atakayeaminika anapoyasema hayo.

Hatimaye tuliyakata majani ya mhudumu, kilo moja, tukayatonesha kwa mvuke. Mafuta tuliyopata hayakujaza kijiko cha chai. Wanafunzi walishangilia, mhudumu aliyanusa, akasema ni yale yale, kisha akataka kujua ni nani atakayemlipa majani yake.