Pupe ya Noeli si uchawi



Vakansi ya Noeli inakaribia, na makelele ni mengi juu ya ile pupe ya tomte ambayo dada zetu wa darasa la kushona wanataka kutengeneza. Wengine wanasema: ni sanamu ya uchawi, haipashwi kuingia mu shule ya Kikristo. Wengine wanasema: kushona ni kazi ya wasichana. Mimi ninakataa yote mawili.

Tomte ni nani? Ni muzee mufupi wa hadisi za Uswidi. Wakulima wa zamani walisema anakaa mu nyumba ya ngombe, anachunga nyama usiku. Siku ya Noeli walimuwekea bakuli ya uji na siagi juu yake. Hadisi moja inasema usiku fulani hakuona siagi, akakasirika, akaua ngombe. Kisha akakula uji mpaka mwisho, akakuta siagi iko chini! Akapata haya, akaenda kutafuta ngombe mwingine wa kulipa.

Mwaka 1881 Viktor Rydberg aliandika shairi juu ya tomte, na Jenny Nyström akachora picha zake. Picha za mama huyu zilisaidia sana kumugeuza kuwa muzee wa kofia nyekundu anayeletea watoto zawadi. Wamisionari Wapentekoste waliofika Kivu mwaka 1921 walitoka inchi ile ile. Hadisi ni hadisi tu. Sisi tunasimulia mambo ya Sungura kila siku, na nani anamuabudu Sungura?

Basi, wewe unayelia «uchawi» mbele ya kuuliza, kula kwanza uji mpaka chini ya bakuli.

Na ninyi vijana wanaume, piteni sokoni. Wanaokaa nyuma ya mashini ya kushona ni nani? Wengi ni wababa, na kwa kazi ile wanalipia watoto masomo. Haya iko wapi?

Kazi yenyewe si nguvu. Mwili ni mufuko wa kitambaa: chini unatia muchanga kidogo ndani ya kamufuko kake ili pupe isimame, juu unajaza vipande vya vikwembe ambavyo fundi anatupa. Ndevu ni katani. Pua ni kitambaa cha mviringo. Macho hapana, kwa maana kofia inashuka mpaka puani.

Wengi kati yetu tunarudi nyumbani mikono mitupu, na wadogo wetu wanatuangalia mikono. Pupe ya duka inaomba franga. Hii inaomba sindano, uzi na siku mbili.

Lakini ninaomba neno moja kwa darasa la kushona: kisha tomte, mushone Sungura pia. Mutoto atauliza, «Huyu ni nani?» Na wewe yaya wake utapashwa kukaa chini na kumusimulia. Pale ndipo zawadi inaanza.

Leteni vipande vya nguo mbele ya mitihani kwisha. Vijana pia.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita