AFYA YA JAMAA: Ngao ya Chura na Dozi ya Mtoto

Ukipita kandokando ya Ziwa Victoria wakati wa masika, iwe Kirumba au Nyegezi, hukosi kusikia kelele za vyura. Wengi wetu tumezoea kumdharau kiumbe huyu. Lakini hebu tujiulize: chura hushinda katika madimbwi yaliyojaa vijidudu, na ngozi yake ni laini, mbona haozi?

Daktari mmoja wa Marekani, Michael Zasloff, alikuwa na vyura wa Kiafrika wenye makucha katika maabara yake. Jamaa za vyura hao huishi pia katika maji ya kandokando ya ziwa letu. Aliona kuwa vyura waliopasuliwa na kushonwa walirudishwa katika maji yasiyo safi, na bado vidonda vyao vilipona bila kutunga usaha. Mwaka 1987 alitangaza kwamba amepata katika ngozi yao peptidi mbili, yaani vipande vidogo vya protini vyenye uwezo wa kuua vijidudu. Akaziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Dawa nyingi tuzijuazo hulenga kazi moja tu ndani ya kijidudu, nacho kikajifunza kuikwepa. Peptidi hizi hunata juu ya utando unaokizunguka, zikautoboa, kikavuja na kufa. Nasi binadamu tunazo za kwetu, katika ngozi na hata katika maziwa ya mama.

Jambo hili latuhusu sana sisi wakazi wa Mwanza. Mwaka 2009 watafiti katika Hospitali ya Bugando waliwachunguza watoto wachanga 300 walioshukiwa kuwa na vijidudu katika damu. Ilidhihirika kuwa wale walioambukizwa vijidudu sugu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hao ni watoto ambao hawajameza hata kidonge kimoja maishani mwao. Usugu huo waliukuta duniani, umetengenezwa na sisi wakubwa.

Je, ngao ya chura itatuokoa? Bado. Peptidi ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama, na nyingine hudhuru chembe za mwili wetu wenyewe. Mwaka 1999 wakuu wa dawa wa Marekani walikataa kuidhinisha marhamu iliyotokana na magainini, kwa kuwa haikuthibitika kuzishinda dawa zilizokuwapo. Utafiti unaendelea. Wala asitokee mzazi akamsugua mtoto kidonda kwa ngozi ya chura; hiyo si tiba, ni kuongeza uchafu.

Kwa hiyo, mama na baba, dawa tulizo nazo ndizo za kulindwa. Usinunue vidonge viwili vya rangi mbili dukani kwa sababu fedha haikutosha, wala usimpe mtoto dawa hizo kwa mafua, kwani haziyatibu. Fuata dozi kama ulivyoelekezwa na mganga, na usimgawie jirani masalio. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto mchanga, na umnyonyeshe.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala mpya ungali unafumwa. Tusiuchane mbacha tulioukalia.