Gari ya mahari Kalangalala: Jimny, Escudo au Rush?



Wiki hii hatuna habari ya singo wala ya udi. Tunazungumza gari, na anayedhani gari si maneno ya wanawake basi hajaolewa mbali. Mwari wetu mmoja wa hapa Unguja, ambaye tumemjua tangu yuko skuli, ameposwa na kijana wa Geita mjini, kata ya Kalangalala. Kijana anauza vifaa vya machimbo: pampu, kamba, nyundo, mabuti. Ukoo wao ni watu wa dini na wa heshima. Mahari aliyoitaja biharusi ni gari, ndogo, ya 4WD, na bwana harusi kaikubali bila ya kukunja uso. Keshaichagua na gari yenyewe: Suzuki Jimny mpya, ile ya milango mitatu, ya pembe pembe kama sanduku, rangi ya majani mabichi. Biharusi katuletea picha huku anacheka peke yake. "Mashoga, nzuri si nzuri?"

Nzuri. Lakini picha haijapita Kalangalala siku ya mvua, na sisi tumepita.

Tulikwenda kuiona nyumba, kama ilivyo desturi. Meli mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, halafu tukapanda mchomoko, zile gari ndogo za abiria za kule Kanda ya Ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na aliyekuwa akingojea kivuko pale na mgonjwa mikononi ndiye anayejua thamani yake. Sasa ukiumwa Geita usiku ukaandikiwa Bugando, unakwenda moja kwa moja. Barabara kuu ni lami mpaka mjini. Taabu inaanza ukiiacha lami. Udongo mwekundu, mfereji uliochimbwa na maji katikati ya njia, na jiwe limekaa pale pale ambapo tairi ilitaka kupita. Gari tuliyokodi ya kutupeleka nyumbani, Toyota IST, ilikwama hatua mia mbili kutoka mlangoni. Tukashuka, tukakunja mabuibui, tukasukuma. Mavyaa mtarajiwa akatoka na kanga kichwani, akatupokea kwa kicheko na ndoo ya maji: "Poleni, mama zangu. Huku mvua ikinyesha mtu analala alipo."

Maneno yale tuliyabeba mpaka Unguja. Biharusi wetu hatolala alipo. Inshaallah atakuwa na mimba, atakuwa na mtoto wa homa, atataka kwenda darsani na sokoni. Kwa hiyo 4WD si mapambo. Suala ni ipi.

Ubishi huu si wa kwetu peke yetu. India wanabishana Jimny na Mahindra Thar tangu Maruti Suzuki alipotoa Jimny ya milango mitano mwezi Juni 2023, na njia zao nyingi ni kama zetu: mvua za kumwaga, mashimo, ng'ombe katikati ya barabara, matuta yasiyo na rangi. Thar ni gari ya nguvu na iko juu zaidi, milimita 226 kutoka ardhini, na Jimny 210. Lakini Thar tunaipita haraka. Tulipozunguka gereji za Geita hatukuona hata moja iliyofunguliwa, na gari ambayo fundi wa mtaani hajaizoea si ya kumpa biharusi mgeni. Tunachokichukua kutoka kwa Wahindi ni kwamba Suzuki mwenyewe aliona haja ya kuongeza milango miwili. Mwenye familia hanunui mlima wa kupanda, ananunua kiti cha nyuma.

Tuisifu Jimny kwanza kwa haki yake. Ina chesisi ya chuma chini, imara kama ya gari kubwa. Ina gia nzito ya 4L ya kutokea matopeni na kushukia mteremko pole pole bila ya kukanyaga breki. Uzito wake ni kama tani moja tu, na tope huzamisha kizito kabla ya chepesi. Ni nyembamba, inapenya. Kwa mwalimu anayefundisha kijijini, au mkunga anayeitwa usiku kwenye machimbo ya Rwamgasa au Nyarugusu, hatujui gari ndogo iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa muweke biharusi ndani. Milango miwili na wa nyuma. Kumtia mtoto kwenye kiti chake ni lazima ukunje kiti cha mbele, uiname, ujipinde, na buibui lako limenasa kwenye mkanda. Mavyaa naye akitaka kwenda msibani atapanda vipi huko nyuma? Viti vyote vikiwa vimesimama, sehemu ya mizigo haifiki lita mia. Ni lita 85; ndoo nne za maji zimeijaza. Na kwa vile ni fupi, kwenye njia yenye mawimbi inarukaruka. Mwenye mimba ya miezi saba atakwambia mwenyewe.

Kuna na zile Jimny za zamani zinazotoka Japani, za bei nafuu. Hapo angalieni mambo mawili. Nyingi zina injini ya cc 660 yenye tabo. Mjini ni tamu, lakini kuipeleka Mwanza na kurudi na watu wanne na mizigo ni kuidhulumu, na tabo haisamehe oili chafu. Kama ni Jimny ya zamani basi tafuteni ya cc 1300. La pili, ambalo waume zetu hawalisemi kwa sababu wanadhani tunalijua: Jimny 4WD yake hutiwa matopeni na hutolewa kwenye lami kavu. Ukiiacha ndani na unakata kona kwenye lami, utaisikia gari inajivuta, na unachokivuta ni pesa yako kwenye gia boksi.

Sisi chaguo letu kwa mwari huyu ni Suzuki Escudo, ile iliyoanza 2005, ya milango mitano na injini ya cc 2000. Inakwenda na tairi nne wakati wote, kwa hiyo hakuna cha kusahau kutia wala kutoa, na bado ina 4L ya siku ya shida. Viti vya nyuma wanakaa watu wazima watatu, na nyuma ya viti unaingia mkoba wa mtoto na gunia la mchele. Kasoro yake tunaisema wazi: inakunywa mafuta kuliko Jimny. Bwana harusi kalalamika hilo. Tukamjibu, baba, ukimkodia mkeo gari kila anapotoka, hizo nazo si pesa?

Toyota Rush ya cc 1500 ndiyo ya pili kwetu. Mafuta nafuu, iko juu vya kutosha, na spea za Toyota kule ni kama vitunguu. Haina gia nzito, lakini ina kitufe cha kufunga difu ya katikati, na kwa tope la mtaani kinatosha. RAV4 ya zamani tunaiweka ya tatu: laini barabarani, mafundi wote wanaijua, ila njia ya machimboni si yake, na zilizobaki zimechoka.

Na hapa wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Rush na RAV4 zipo zenye sura ile ile ambazo si 4WD. Msisome maandishi ya mlangoni, inameni. RAV4 ya tairi mbili huvuta kwa mbele, basi ukitazama chini nyuma hukuti difu. Rush ni kinyume chake: ya tairi mbili huvuta kwa nyuma, kwa hiyo difu ya nyuma utaikuta na utadanganyika, tazama mbele kama ziko shafti zinazokwenda kwenye tairi. Mpeni fundi posho yake alale chini ya gari dakika kumi. Na tairi ziwe za meno. 4WD yenye tairi zilizolika kama sabuni itakwama pale pale ilipokwama IST yetu.

Baada ya hapo tuna neno zito kuliko injini. Kalangalala iko katikati ya mji wa dhahabu. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, mgodi mkubwa uko pale pale, na pembeni yake ni wachimbaji wadogo, makarasha, na wanaochenjua. Mume akiwa katika biashara hiyo, gari ya mke ikiwa na sehemu ya mizigo, siku moja ataiazima "mara moja tu" kupeleka viroba vya marudio. Kesho yake kichupa cha zebaki. Zebaki ikimwagika kwenye kapeti ya gari haifutwi na kitambaa. Inaingia kwenye nyuzi, na gari ikipigwa na jua na vioo vimefungwa inatoa mvuke usioonekana wala kunuka. Anayeuvuta ni mtoto aliyelala kiti cha nyuma, au aliye tumboni, na ubongo wa mtoto ndio unaodhurika zaidi. Gari ya mtoto haibebi zebaki, sainaidi wala mifuko iliyotoka mwaloni. Biharusi alisikia haya kwa mara ya kwanza kutoka kwetu, na tuliona uso wake ulivyobadilika. Bwana harusi alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo nimelielewa, mama zangu. Nitatumia pikipiki ya miguu mitatu."

Malipo je? Kijana alikuwa na nusu ya pesa, nusu alitaka kukopa kwa riba. Mahari kuanza na riba, wallahi hatukuweza kunyamaza. Ipo njia ya murabaha: benki inainunua gari iwe yake kwanza, halafu inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo na bei haipandi. Amana wanafanya, CRDB wana Al Barakah, PBZ wana huduma zao za Kiislamu. Asiyetaka yote hayo anunue gari ya bei ndogo. Rush iliyolipiwa yote ina raha kuliko Jimny mpya yenye deni. Na msinunue gari Unguja kwa kuona bei ni nafuu mkadhani mtaivusha kimya kimya. Namba ya Z na namba ya T ni mambo mawili. Pitieni kwanza ofisi ya mapato.

La mwisho ni kadi ya gari. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, Suratun Nisaa imeamrisha apewe, na si ya baba, si ya mjomba, wala hairudi kwa mume kwa mlango wa nyuma. Hapa ndipo tunapokosea. Gari inatajwa mbele ya sheikh, watu wanasema maashaallah, halafu kadi inatoka kwa jina la bwana harusi kwa sababu yeye ndiye mwenye TIN. Siku ya talaka, au siku ya mauti, nani atasimama kushuhudia? Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Bara, inasema katika kifungu cha 60 kwamba mali iliyoandikwa jina la mmoja wa wanandoa huhesabiwa kuwa ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vyengine. Yaani gari ya mahari yako, yenye jina la mumeo, itaingia kwenye mirathi igawiwe, na wewe upewe thumni yako ya kitu kilichokuwa chako chote. Tumemuona mwanamke mmoja lililomkuta hilo, eda haijesha.

Kwa hiyo tulimshika mkono biharusi tukaenda naye kuchukua TIN. Kisha tukaomba mahari iandikwe kwenye cheti kwa ukamilifu: gari aina gani, ya mwaka gani, inatolewa lini. Neno "gari" peke yake ni mlango wa ugomvi. Muulizeni sheikh wenu atakwambieni. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba tunamtisha mchumba atakimbia. Mchumba hakukimbia. Alisema tu kwamba Escudo ni gari ya wazee.

Wamekubaliana Escudo, nyeusi. Biharusi alitaka nyeupe mpaka tulipomkumbusha udongo wa kule. Nikaha ni baada ya Mfunguo Sita inshaallah, na sasa hivi kila asubuhi yuko uwanjani anajifunza kuendesha, maana mume hakuwa amefikiria hilo: alidhani gari atamuendeshea yeye.