Ncha ya Chuma Haina Kazi Kinywani

Wapo watu wanaotembea na kijiti cha meno cha chuma kwenye funguo zao, ndani ya kichupa chembamba chenye kifuniko cha kukaza. Mishkaki ikiisha, kinatolewa mbele za watu kwa madaha ya mtu aliyevaa saa mpya. Mwulize mwenyewe, majibu anayo: hakivunjiki, hakiachi vibanzi, kinaoshwa, na hata daktari wa meno hutumia chuma. Asiyemudu hicho cha titani ana imani ileile, ila yeye anatumia pini ya nguo au ncha ya kisu.

Nianze na daktari, maana ndiye anayesingiziwa zaidi. Daktari ana taa, ana kioo kidogo, na anakiona anachokigusa. Wewe unachokonoa kwa kubahatisha huku ukiendelea na mazungumzo. Isitoshe, madaktari wenyewe walishaonywa wasikandamize ncha kali kwenye jino lililoanza kuoza, kwa kuwa ganda lililodhoofika huweza kubomoka, na doa ambalo pengine lingedhibitiwa bila kuchimbwa likageuka tundu. Kwa uchunguzi huo, kifaa kinachopendekezwa sasa kina kidonge cha mviringo nchani. Aliyesomea kazi anapunguza makali, wewe uliyekaa baa unayaongeza?

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, ganda la nje la jino liko karibu na 5. Chuma kisichoshika kutu na titani vinafika hapo au vinapita kidogo. Na ganda hilo huishia shingoni mwa jino. Fizi ikishashuka, kinachobaki wazi ni mzizi, ambao ni laini zaidi. Huko Olduvai lilipatikana jino la binadamu wa kale, la takriban miaka milioni 1.8, lenye mfereji uliochimbika kwa kuchokonolewa. Mwaka 2003 mtafiti Leslea Hlusko alisugua meno kwa bua la nyasi kwa saa kadhaa, akapata mifereji ya namna hiyohiyo. Nyasi, jamani! Zina chembe za silika, kweli, lakini ni nyasi. Halafu mtu ananiambia chuma chake hakina neno.

Fizi ndiyo inayoumia kwanza. Ile nyama ya pembetatu iliyojaza nafasi kati ya meno mawili, ukiisukumasukuma kwa ncha isiyopinda, hurudi nyuma, na kwa kawaida ikishashuka hairudi yenyewe. Nafasi inapanuka, nyama inanasa zaidi, nawe unachokonoa zaidi. Kijiti cha mti hulainika kwa mate, na ukikisukuma kwa nguvu kinakatika. Huo mnaouita udhaifu ndio unaoiokoa fizi. Si kwamba mti hauna hatari: mwandishi wa Marekani Sherwood Anderson alifariki Panama mwaka 1941 baada ya kumeza kijiti cha meno kilichomtoboa utumbo. Lakini hapo kosa ni kumeza.

Na usafi? Chuma kinaosheka, sawa. Kinaoshwa na nani, lini? Kung'uta kichupa hicho juu ya karatasi nyeupe uone yanayotoka: mabaki makavu ya nyama, vumbi la mfukoni, na unyevu uliofungiwa humo tangu juzi. Nyumbani mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kitu kisichotupwa huazimwa. Baba akimaliza anampa shemeji, shemeji anakipangusa kwa kitambaa, basi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na fizi iliyochokonolewa hutoa damu hata usipoiona.

Anayetaka kusafisha katikati ya meno ana uzi wa meno, ana vibrashi vidogo vya kazi hiyo. Ila nyama ikinasa mahali palepale kila mara, mara nyingi pana sababu: tundu linaloanza ubavuni mwa jino, jino lililozibwa likamomonyoka ukingoni, au meno yaliyoachana. Chuma kitakutolea hicho kipande ujisikie umepona, na kwa nafuu hiyo utakaa miezi bila kumwona daktari, tundu likiendelea kuchimba kuelekea kwenye neva.