Jibu kwanza, swali baadaye

Wiki hii tuongee juu ya Merv Griffin, Mmarekani aliyetunga michezo ya maswali ya televizyo. Na juu ya Julann, bibi yake, kwani mchezo mkubwa ulitoka kwake.

Merv alizaliwa California mwaka 1925. Alianza kama mwimbaji wa bendi, kisha akaingia televizyo. Wakati huo michezo ya maswali ilikuwa imeharibika jina kule Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilijulikana kwamba washindani fulani walipewa majibu kwa siri, na kesi ikafika hadi bungeni. Watu wakakosa imani.

Siku moja, ndani ya ndege wakielekea New York, Julann akamwambia bwana yake: kwa nini usiwape majibu waziwazi, wao watafute swali? Akamjaribu: 5280. Merv akasema: maili moja ina futi ngapi? Wazo lilimpendeza, akalipeleka NBC, wakalinunua. Mchezo ulianza tarehe 30/3/1964 kwa jina la Jeopardy!, maana yake hatari, kwani ukikosea unapoteza pesa.

Merv hakuficha, alisimulia mara nyingi kwamba wazo ni la Julann. Lakini kwenye maandishi ya kipindi, mtungaji ni Merv peke yake. Kwetu sisi, kusimulia ni jambo jema, kuandika ni jambo lingine. Wamama wa likelemba wanatuelewa: jina lisipoandikwa katika daftari, kesho ni mabishano. Ndoa yao iliisha mwaka 1976.

Muziki unaopigwa washindani wakifikiri swali la mwisho, Merv aliutunga kwanza kwa kumbembeleza mtoto wao Tony alale. Mwaka 1986 aliuza kampuni yake kwa dola milioni 250, lakini haki ya muziki ule akabaki nayo. Mwenyewe alikadiria kwamba ulimwingizia karibu dola milioni 70 au zaidi. Wimbo wa kulaza mtoto! Mchezo wake mwingine, Wheel of Fortune wa mwaka 1975, ulitokana na ule wa kubahatisha herufi za neno, aliocheza na dada yake safarini wakiwa watoto. Alifariki mwaka 2007.

Darasani tumejaribu njia ya Julann. Tunaandika ubaoni: 1960. Mtoto anauliza, Kongo ilipata uhuru mwaka gani? Tunaandika: Tanganyika. Hapo kelele zinaanza, maana maswali ni mengi, na wale wanaonyamaza siku zote ndio wanainua mkono. Nyumbani hamhitaji televizyo wala umeme. Mkiwa mnatwanga sombe, semeni tu: jibu ni 56. Mwone nani ataanza na saba mara nane, na nani atatafuta njia nyingine.